Damu yangu haina tatizo, lakini tone jekundu nimelikuta kwenye kitasa cha mlango

Kwako Somo, shikamoo.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 31. Nakaa Likoni, Mombasa, na kazi yangu iko ng'ambo, kisiwani, kwenye kliniki ndogo ya kutwa inayotoa dawa za saratani. Wagonjwa wanakuja asubuhi, wanatundikiwa dripu, jioni wanarudi makwao. Nimekaa pale mwaka mmoja na miezi minane. Tuko wauguzi wanne, lakini wanaochanganya dawa ni wawili tu, mimi na kijana mmoja aliyemaliza chuo juzijuzi. Mfamasia huja mara mbili kwa wiki kukagua dozi na hesabu za stoo. Kuchanganya ametuachia sisi.

Chumba tunachochanganyia kina sinki, friji, meza ya vigae na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Lile kabati la kioo lenye mashine ya kuvuta hewa tumeahidiwa tangu kabla sijaajiriwa na mpaka leo halijafika. Joto likizidi tunawasha feni. Glavu ni zile za mpira za kawaida, pea moja. Maski ni ya upasuaji. Gauni ni la kitambaa na kila mtu anakwenda kufua lake nyumbani.

Kuna dawa moja nyekundu, rangi yake kabisa kama ile ya mabuyu. Wiki tatu zilizopita nilikuwa naivuta kutoka kwenye kichupa, sindano ikachomoka na tone likaniruka mkononi, juu kidogo ya pale glavu inapoishia. Nilifuta kwa sanitaiza nikaendelea, maana kulikuwa na wagonjwa sita wanasubiri. Jioni wakati wa kufunga ndipo nikaona alama ya kidole, nyekundu iliyopauka, kwenye kitasa cha mlango. Nyingine ilikuwa kwenye jalada la rejista. Nyingine kwenye mkono wa kikombe changu cha chai, ambacho huwa nakiweka juu ya friji pamoja na mahamri yangu. Kikombe hicho nilikuwa nimeshakinywea.

Nilimwendea inchaji wetu, mama ninayemheshimu sana. Akanituma nikatolewe damu. Majibu yalirudi, hesabu ya chembe zote iko sawa. Akaniambia, "Unaona? Damu yako safi, dawa haijakuingia. Endelea na kazi, mwanangu."

Sikuweza kumwambia lililobaki. Nina mimba ya wiki tisa, Somo. Ni ya pili. Ya kwanza iliharibika mwaka jana ikiwa na wiki kumi, nikiwa kwenye kazi hii hii. Mamangu ameniusia nisimwambie mtu mpaka miezi mitatu ipite, kwa sababu watu wana macho. Mume wangu anataka niache kazi kesho, lakini yeye anaendesha tuktuk, na mkopo wa sacco tulioinunulia hiyo tuktuk unakatwa kwenye mshahara wangu. Tena nikiondoka, yule kijana atabaki peke yake na meza ile. Na kuna mama wa usafi anayemwaga mikojo ya wagonjwa kwa mikono mitupu, na tambara anayopangusia meza ndiyo hiyo hiyo ya sinki.

Nisaidie. Ni kweli damu ikiwa safi basi dawa haijaingia? Kuna kipimo kinachoiona dawa yenyewe mwilini? Na ile mimba ya kwanza, ni mikono yangu iliyoiharibu?

Muuguzi wa Likoni

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu najua ndilo linalokukosesha usingizi. Hapana, si wewe. Mimba nyingi huharibika katika miezi mitatu ya kwanza na sababu isijulikane kamwe. Hakuna daktari anayeweza leo kukuambia ile ya mwaka jana ilitoka kwa nini, na usimkubali mtu anayedai kujua, awe anakulaumu au anakuliwaza. Na hata kama dawa ilikuwa na mkono wake, aliyekuweka mbele ya meza ile bila kinga si wewe. Wewe ulikuwa unawahudumia wagonjwa kwa ulichopewa.

Hii uliyo nayo sasa ndiyo tunayoweza kuifanyia jambo. Mwaka 1985 ulichapishwa utafiti wa wauguzi wa Finland. Walilinganisha waliopoteza mimba na waliojifungua salama, wakakuta kwamba waliopoteza walikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kuwa walizishika dawa hizi katika miezi mitatu ya kwanza. Haina maana kila anayezishika atapoteza. Wauguzi wengi wa wadi za saratani wamezaa watoto wazima, nami nimewashika baadhi ya watoto hao. Lakini inatosha kukuondoa kwenye kuchanganya, kutundika dripu na kumwaga mikojo, na wiki hii hii, usingoje mwezi ujao.

Hapo ndipo linapokuja neno la mamako. Sitabishana naye, amekulea, na mimi mwenyewe nilificha zangu zote mpaka kanga ilipokataa kufunga. Ila miezi mitatu anayotaka ufiche ndiyo hiyo hiyo ambayo viungo vya mtoto vinaumbika, na ndiyo ambayo dawa hizi zinaweza kumdhuru zaidi. Wazee wetu hao hao walisema mficha uchi hazai. Huhitaji kutangaza kliniki nzima. Mwambie mtu mmoja, inchaji, kwa barua iliyofungwa, uandike juu yake "siri", na ndani umwombe akuhamishie kazi isiyogusa dawa hizi: kupokea wagonjwa, kuwapima presha na uzito, kuwafundisha, kutunza kumbukumbu. Wengine wataambiwa umehamishwa zamu, basi. Mweleze mamako hivyo, naamini atakuelewa.

Kisha nenda kliniki ya wajawazito mapema, usingoje tumbo. Mwambie daktari kazi unayofanya, utaje dawa kwa majina na hilo tone la wiki tatu zilizopita. Wengi hawaulizi kazi ya mama, kwa hiyo sema wewe.

Sasa hiyo damu.

Inchaji wako hakukudanganya kwa nia mbaya. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa sote, na mimi niliwahi kuwaambia wadogo zangu wa kazini maneno kama hayo, jambo ambalo hadi leo linaniuma. Lakini hebu mfikirie mgonjwa wako. Anapewa miligramu kwa mamia, moja kwa moja kwenye mshipa, ndipo siku ya saba hadi ya kumi na nne chembe zake nyeupe zinashuka, nawe unaziona kwenye karatasi. Kinachokuingia wewe ni kidogo sana kupindukia, kupitia ngozi, kupitia kidole kilichogusa kitasa kisha kikagusa andazi, kupitia hewa. Kinaingia leo, kesho, mwaka huu, mwaka ujao. Hesabu ya damu haina jicho la kukiona. Chembe zinaweza kukaa sawa miaka na miaka huku dawa inaingia kila siku ya kazi. Na zikishuka zinaweza kuwa zimeshushwa na malaria au homa yoyote.

Sisemi kipimo hicho hakina faida. Kila anayeshika dawa hizi anatakiwa apimwe siku anayoanza, kisha kila baada ya muda, na pamoja na damu aulizwe mambo: umeshika dawa gani na mara ngapi, umewahi kumwagikiwa, nywele zinakatika, ngozi inawasha, hedhi imebadilika, mimba imeharibika. Hayo maswali wakati mwingine yanafichua mengi kuliko damu. Faida yake ni kukulinganisha wewe na wewe wa zamani. Kukutangaza salama hakuwezi.

Umeuliza kama kuna kipimo kinachoiona dawa yenyewe. Kipo, na kimeanzia kwa wauguzi kama wewe. Mwaka 1979 watafiti wa Finland waliuchunguza mkojo wa wauguzi waliokuwa wakishika dawa za saratani, wakakuta una uwezo wa kubadilisha vinasaba vya bakteria kuliko mkojo wa wasiozishika. Ndipo dunia ikaanza kushtuka. Siku hizi mashine zinaitafuta dawa yenyewe au mabaki yake: dawa iitwayo siklofosfamidi kama ilivyo, platinamu, madini yaliyomo ndani ya sisplatini, kwa wanaoshika dawa hiyo, na mabaki ya fluorourasili. Kule Uholanzi, miaka ya 1990, siklofosfamidi ilipatikana hata kwenye mkojo wa wafanyakazi wa hospitali ambao hawakuwa wakichanganya wala kutundika. Umeona kile kitasa chako? Ndiyo njia.

Lakini nisikutume ukaenda maabara ya mtaani na kichupa cha mkojo, utapoteza pesa. Maabara ya kawaida haina mashine hiyo. Halafu siklofosfamidi hukaa mwilini saa chache tu kabla ya kupungua, hivyo mkojo unatakiwa ukusanywe siku ya kazi yenyewe, na mara nyingi ni wa saa 24 mfululizo. Tone lako la wiki tatu zilizopita hutalikuta leo. Na tuseme umepimwa na dawa ikaonekana: itathibitisha kwamba imeingia, ila haitakuambia kama utaugua, kwa sababu hakuna kiwango ambacho wataalamu wamekubaliana kwamba chini yake uko salama. Isipoonekana, itakuwa imekuambia kuhusu siku hiyo moja tu. Wewe una mimba. Majibu yoyote utakayopata, ushauri wangu utakuwa ule ule, utoke kwenye chumba kile.

Kwa hiyo nataka uhamishe macho. Kabla ya kuupima mwili wako, ipimwe ile meza. Unachukua kitambaa maalumu, unapangusa eneo lililopimwa kwa rula, unakifunga, kinapelekwa kwenye maabara yenye mashine hiyo. Unapangusa meza, kitasa, mpini wa friji, simu ya mezani, sakafu chini ya stendi ya dripu, mkono wa kiti cha mgonjwa. Miongozo ya Marekani inashauri kufanya hivyo mwanzo, kisha angalau kila miezi 6, na inasema kwamba siklofosfamidi ikizidi nanogramu 1 kwa kila sentimita mraba, baadhi ya tafiti zimeonyesha inaanza kuonekana kwa watu wenyewe. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Uzuri wa kupima meza ni kwamba haumwonyeshi mtu kidole. Inaonyesha mahali. Ukishajua mahali, unaweza kuziba.

Na lile doa jekundu lilikutendea wema, mwanangu. Ile nyekundu, doksorubisini, ndiyo dawa pekee ya kwenye trei yako iliyojionyesha jioni ile. Siklofosfamidi haina rangi, ni kama maji, nayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililo chini ya WHO limeiweka kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ndiyo, dawa ya saratani yenyewe. Mgonjwa anaubeba mzigo huo kwa sababu anatafuta uhai wake. Wewe hukuandikiwa dawa hii. Sasa jiulize: kama nyekundu ilifika kwenye kitasa, rejista na kikombe kwa siku moja, zile zisizo na rangi zimefika wapi kwa mwaka na miezi minane? Tena vichupa vyenyewe mara nyingi hutoka kiwandani vikiwa na mabaki ya dawa kwa nje, kwa hiyo hata anayefungua katoni anahitaji glavu.

Nakupa jambo la kufanya ambalo gharama yake haizidi nauli ya siku. Nunua chupa ya soda ya toniki, ile chungu. Ina kwinini, na kwinini hung'aa buluu ikimulikwa na taa ya kukagulia noti bandia, ile ambayo kila muuza duka wa Kongowea anayo. Fungua soda uiache gesi itoke. Tafuta kichupa kitupu cha dawa ya kawaida, kisichowahi kuwa na dawa ya saratani, na mabomba ya sindano ya mazoezi ambayo hayatarudi kwa mgonjwa. Kaeni kwenye meza nyingine, baada ya kazi, mfanye kila kitu kama mnavyofanya kila siku: kuvuta, kutoa hewa, kudunga kwenye mfuko, kuandika rejista, kufungua mlango. Kisha zimeni taa mmulike. Unaweza kufanya zoezi hili hata na mimba yako, maana hakuna dawa ndani yake. Mwite inchaji aone. Mimi nililifanya na wanafunzi, na kuna binti aliyeona buluu kwenye ushungi wake, karibu na sikio, mahali alipojikuna bila kukumbuka. Alinyamaza muda mrefu. Ripoti ya kurasa 40 isingemfundisha hivyo.

Utaona pia kinachotokea unaposukuma hewa nyingi kichupani: presha inajaa, na sindano ikitoka dawa inaruka kama mvuke mwembamba ambao jicho halioni. Ndicho kilichokupata. Hewa unayoingiza iwe kidogo kuliko dawa unayovuta, bomba lisijae hadi mwisho, na viunganishi viwe vya kufungia kwa kuzungusha.

Kwenye hicho chumba, feni izimwe kuanzia kesho. Inachukua kile kinachoruka na kukigawa kwa kila mtu. Maski ya upasuaji haizuii mvuke wa dawa. Glavu ziwe pea mbili za nitraili ambazo boksi lake limeandikwa kwamba zimejaribiwa kwa dawa za saratani, ya ndani ichomekwe chini ya mkono wa gauni na ya nje ipande juu yake, ili pale palipolowa siku ile pasibaki wazi. Zibadilishwe kila nusu saa, au papo hapo zikipasuka au kumwagikiwa. Gauni liwe la kutupwa, lililopakwa plastiki, la mikono mirefu, linalofungwa nyuma. Lile la kitambaa linafyonza dawa kisha unalibeba kwenye mfuko, unavuka nalo feri, unalifua kwenye beseni moja na nguo za mumeo. Hilo likome leo. Chakula, chai na maji ya kunywa visiingie chumba hicho kabisa, wala friji hiyo isiwekwe kitu kingine.

Sanitaiza haiui dawa hizi, inazitandaza tu. Ikikugusa tena ngozi, vua glavu na nguo iliyolowa, osha kwa sabuni na maji mengi. Ikiingia jichoni, maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha daktari. Meza ipanguswe kwa jiki iliyomiminwa kwenye kitambaa, usipulizie, halafu sabuni na maji, na kitambaa kitupwe kwenye taka za dawa hizi. Jiki haivunji kila dawa, ndiyo maana hatua ya sabuni haiachwi.

Lakini nikuambie ukweli wote: bila lile kabati, kliniki yenu haikupaswa kuchanganya dawa hizi. Glavu ndiyo kinga ya mwisho, haiwezi kubeba mzigo wa mashine. Na wakileta kabati, muulize mfamasia kama ni lile linalovuta hewa na kuitoa nje ya jengo. Kuna mengine yanayopuliza hewa safi kutoka ndani kuja kwa mchanganyaji. Hayo yanailinda dawa na kumwogesha muuguzi. Mpaka lifike la kweli, kliniki ikubaliane na famasia ya hospitali kubwa yenye kabati, dawa zichanganywe huko zije zikiwa tayari kwenye mifuko iliyofungwa. Mji wetu ni mdogo, daraja na feri vinajulikana. Ni suala la mtu kuamua.

Yule mama wa usafi usimsahau, na nimefurahi hukumsahau. Dawa nyingi hutoka kwa mkojo, kinyesi na matapishi, na kwa kawaida tunahesabu saa 48 tangu dripu iishe, kwa baadhi ya dawa zaidi. Katika muda huo anayemwaga chombo avae pea mbili za glavu na gauni, amwage polepole karibu na tundu, choo cha kuvuta kifunikwe kabla ya kuvutwa. Ni yeye ambaye hakuna atakayemwandikia barua, hana cheti wala chama, na mara nyingi ni kibarua wa kampuni nyingine. Mfundishe kwa mdomo, kwa lugha yake, na muombe inchaji ampe glavu kwa jina lake. Na wagonjwa nao wanarudi nyumbani na mikojo hiyo: waambie ndugu zao wavae glavu, wafue shuka peke yake, mara mbili. Jirani yako pale Likoni anayemuuguza mumewe kwenye chumba kimoja na watoto, nani aliwahi kumwambia?

Sasa barua. Iwe na tarehe. Andika tone la siku ile: saa ngapi, dawa gani, glavu gani, ulifanya nini, alama ulizoziona na wapi. Kama kitabu cha ajali kipo, iingizwe humo. Kama hakipo, barua yako ndiyo kitabu. Baki na nakala. Kuanzia sasa wewe na yule kijana kila mmoja awe na daftari lake: tarehe, dawa, dozi ngapi, kilichomwagika. Ugonjwa wa kazi huja baada ya miaka, na sheria ya Kenya ya fidia ya wafanyakazi ya 2007, WIBA, inauhesabu, lakini asiye na kumbukumbu atapata shida sana kuthibitisha.

Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri alinde afya yako kazini na asikukate mshahara kwa ajili ya vifaa vya kinga. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa pawe na kamati ya usalama, na kama kliniki yenu iko chini ya hospitali kubwa, kamati hiyo lazima iwepo. Mtafute mwakilishi wa wafanyakazi. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mhudumu wa afya haki ya mazingira salama ya kazi. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mimba si sababu halali ya kumfukuza mwanamke, wala kulalamika si sababu. Ukiandika mara mbili na kimya kikaendelea, nenda Idara ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS, ofisi yao ipo hapa Mombasa, na umhusishe mwakilishi wa chama cha wauguzi. Madaktari waliosajiliwa kupima wafanyakazi wanajulikana kwao, na gharama ya vipimo hivyo ni ya mwajiri. Majibu yako ni ya siri, yasibandikwe wala kusomwa mbele ya watu.

Lakini anza na inchaji. Umesema unamheshimu, na nimesikia katika maneno yake mtu asiyejua, sikusikia mtu asiyejali. Mpelekee taa na soda yako kabla hujampelekea sheria.

Mumeo ana haki ya kuogopa. Mwambie hivyo kwanza, kabla ya hesabu za sacco. Kisha mwambie unaloomba ni kuhamishwa, na kwamba ukiacha kazi kesho utakuwa umepoteza mshahara na likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo, wakati sheria inakuruhusu kutoka kwenye hatari ukabaki kazini. Wakikataa kukuhamisha kabisa, hapo nitakuwa upande wake. Tuktuk hununuliwa nyingine.

Na kuhusu kijana yule, usijibebeshe kana kwamba unamwacha. Baadhi ya dawa hizi huathiri mbegu za kiume pia, naye hajaoa bado au pengine anatarajia kuoa, kwa hiyo ana sababu zake mwenyewe za kuweka sahihi kwenye barua ya pili, ile ya kuhusu chumba. Barua ya mimba ni yako peke yako. Ile ya chumba iwe na majina manne ya wauguzi, na la mama wa usafi likiwezekana, hata kama ataweka dole gumba.

Kikombe kile kitupe, usikioshe. Barua ya kwanza iandike usiku wa leo, kesho ukivuka feri iwe mkobani. Nijulishe utakapojibiwa, na ukienda kliniki nijulishe wamesema nini kuhusu mtoto.

Somo